Bob Cousy na Kazi ya Mgawa Mpira

Miongoni mwa wachezaji watano ambao kila timu ya mpira wa kikapu huwaingiza uwanjani, yuko mmoja ambaye wajibu wake wa kwanza si kufunga, bali kuupokea mpira nyuma, kuudundisha hadi upande wa wapinzani, kutambua kwa mtazamo mmoja nani amebanwa na nani yu huru, kisha kuufikisha mpira mkononi mwa mwenzake katika wakati ule ule anaouhitaji, si kabla wala si baada. Huyo ndiye mgawa mpira, au pointi gadi kama aitwavyo viwanjani. Kazi yake haikuzaliwa pamoja na mchezo, kwani mwalimu James Naismith alipouanzisha katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, mwaka 1891, kanuni zake hazikumruhusu mchezaji kukimbia na mpira. Ilimlazimu autupe kutoka pale pale alipoudakia. Kudundisha kulikuja baadaye, na ustadi wa kudundisha kwa manufaa ya wenzi ulikuja baadaye zaidi. Walioujenga ustadi huo ni wengi, lakini katika ligi ya kulipwa ya Marekani hakuna aliyeutia sura yake kama Robert Joseph Cousy, aliyeichezea Boston Celtics tangu mwaka 1950 hadi 1963.

Cousy alizaliwa tarehe 9 Agosti 1928 katika jiji la New York, mwana wa wahamiaji waliotoka Ufaransa, na lugha aliyolelewa nayo nyumbani katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa Kifaransa. Baba yake, aliyekuwa mkulima kwao, alitafuta riziki kwa kuendesha teksi katika miaka ile ya dhiki ya 1930, wakati mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na kazi yoyote. Familia ilipohamia Queens ndipo kijana alipoujua mpira wa kikapu, naye akaushika kwa mapenzi makubwa. Lakini alipojaribu kuingia katika timu ya shule yake ya sekondari, Andrew Jackson, alikataliwa, na mwaka uliofuata akakataliwa tena. Kisha ikamfika ajali: alianguka mtini, akavunjika mkono wa kulia. Mwingine angaliweka mpira kando hadi apone. Yeye, kwa kuwa hakuweza kustahimili kukaa bure, aliendelea kucheza kwa mkono wa kushoto, na mfupa ulipounga akawa na mikono miwili ilhali wenziwe wengi walikuwa na mmoja tu. Mkufunzi wa shule alipomwona kijana anayeweza kudundisha na kutupa kwa pande zote mbili, yule yule aliyekwisha kukataliwa mara mbili aliitwa kwenye timu.

Manufaa ya msiba huo yalidhihirika alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha Holy Cross, katika mji wa Worcester, chuo kilichotwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 1947 Cousy akiwa katika mwaka wake wa kwanza. Katika mchezo mmoja dhidi ya Loyola ya Chicago, ndani ya ukumbi wa Boston Garden, dakika za mwisho zikiwa zinayoyoma, mlinzi wake alimziba upande wa kulia asipate pa kupita. Cousy aliupitisha mpira nyuma ya mgongo wake, akaupokea kwa mkono wa kushoto, akaenda nao upande huo huo wa kushoto na kufunga bao la ushindi. Watazamaji waliona kioja. Wako walimu wa mchezo waliouita ufidhuli. Ukitazama kwa utulivu, hata hivyo, utaona kwamba halikuwa pambo, kwani njia ya kulia ilikuwa imefungwa, ya kushoto ilikuwa wazi, na kupitisha mpira mbele ya mlinzi kungalikuwa kumkabidhi mali. Hiyo ndiyo tabia iliyoutawala mchezo wake katika maisha yake yote, kwamba lile lililoonekana kuwa madaha aghalabu lilikuwa ndiyo njia fupi kuliko zote.

Licha ya sifa hizo, mlango wa ligi ya kulipwa haukumfungukia kwa taadhima. Mwaka 1950 kocha mpya wa Celtics, Red Auerbach, ambaye wakazi wa Boston walimsihi amchukue mwana wa Worcester, aliwaambia waandishi wa habari kwamba yeye ameajiriwa kushinda, si kuwafurahisha wenyeji, akamchagua Charlie Share, mtu mrefu wa kucheza chini ya kapu. Cousy, mwenye urefu wa mita 1.85 tu, alichaguliwa na Tri-Cities Blackhawks, timu ya miji midogo ya kando ya mto Mississippi, naye hakutaka kwenda, kwani alikuwa na azma ya kufungua shule ya udereva huko Worcester na ujira aliotajiwa haukumridhisha. Haki yake ikahamishiwa Chicago Stags, nayo timu hiyo ikavunjika kabla ya msimu kuanza. Wakabaki wachezaji watatu wasio na kwao, na timu tatu zenye kuwataka. Majina yao yakatiwa katika kofia. New York walimpata Max Zaslofsky, ambaye kila mmoja alimtamani, Philadelphia wakampata Andy Phillip, na Walter Brown, mwenye timu ya Boston, akatoka na karatasi yenye jina la Cousy, wala hakuficha kwamba alitaraji jina jingine. Hivyo Boston ilimpata kwa bahati nasibu mtu iliyekwisha kumkataa kwa hiari.

Ligi aliyoingia ilikuwa na mchezo wa pole uliochosha macho. Hakukuwa na sheria ya kuilazimisha timu itupe mpira kapuni, na timu iliyokwisha kuongoza iliweza kuushikilia mpaka wakati uishe. Mwezi Novemba 1950 Fort Wayne waliwashinda Minneapolis kwa pointi 19 kwa 18, na watu wakaenda zao wakinung'unika. Wapinzani hawakuwa na dawa ila kumchezea rafu mwenye mpira, na mwenye mpira wa Boston alikuwa Cousy. Tarehe 21 Machi 1953, dhidi ya Syracuse, katika mchezo uliohitaji nyongeza nne za muda, alifunga pointi 50, na 30 kati ya hizo zilitokana na mitupo ya adhabu, ambayo alipewa 32 na kukosa miwili tu. Boston walishinda 111 kwa 105, na Cousy akapata sifa kubwa. Lakini mchezo ambao nyota wake hupata pointi nyingi akiwa amesimama peke yake mstarini kuliko akiwa anakimbia na wenzi wake ulikuwa mchezo mgonjwa. Tiba ilikuja mwaka 1954, pale Danny Biasone, mwenye timu hiyo hiyo ya Syracuse, alipoishauri ligi kwamba kila timu ipewe sekunde 24 za kutupa mpira, hesabu aliyoipata kwa kuzigawa sekunde 2,880 za mchezo mzima kwa mitupo 120 ambayo aliiona kuwa kadiri ya mchezo mwema.

Tangu hapo mwenye kushikilia mpira hakuwa na thamani tena; thamani ikawa ya mwenye kuugawa upesi. Bill Russell alipojiunga na Celtics mwishoni mwa mwaka 1956, mambo yakakamilika. Russell aliudaka mpira uliorudi kutoka ubaoni na, kabla miguu yake haijatulia sakafuni, akautupa pembeni, mahali ambapo Cousy alikwisha kufika. Cousy akageuka na kupasua katikati ya uwanja, wenzi wawili wakikimbia kulia na kushoto kwake, yeye akitazama mbele kana kwamba hawaoni, ilhali macho yake mapana yaliwaona wote wawili. Mlinzi alipomwendea mmoja, mpira ukamwendea wa pili. Boston walitwaa ubingwa mwaka 1957, mwaka ambao Cousy alitangazwa kuwa mchezaji bora wa ligi, kisha wakautwaa kila mwaka tangu 1959 hadi alipostaafu. Misimu minane mfululizo aliongoza ligi kwa pasi za kufungisha, na tarehe 27 Februari 1959, dhidi ya Minneapolis, alitoa pasi 28 za namna hiyo katika mchezo mmoja.

Sasa tufikie jambo ambalo, kwa maoni yangu, lazidi mataji yote hayo. Mwaka 1954 wachezaji wa ligi hawakuwa na chama, wala pensheni, wala baraza la kuamua migogoro yao. Cousy, ambaye kwa umaarufu wake angaliweza kujitafutia nafuu peke yake, aliketi na kumwandikia barua mchezaji mmoja mashuhuri wa kila timu, akiwataka waungane. Wote waliitikia isipokuwa wa Fort Wayne, ambao mwajiri wao alikuwa adui wa vyama vya wafanyakazi. Madai aliyompelekea Maurice Podoloff, rais wa ligi, yalikuwa ya kiungwana: walipwe mishahara yao wachezaji wa Baltimore ambao timu yao ilikufa, michezo ya maonyesho iwekewe kikomo, iondolewe faini ya dola 15 ambayo refa aliweza kumtoza mchezaji katikati ya mchezo, na anayehamishwa apewe masurufu ya safari. Ligi ilikubali kidogo na kuyakalia mengine, mpaka mwaka 1957, Cousy alipokwenda kuzungumza na shirikisho kuu la wafanyakazi la Marekani, ndipo chama kilipotambuliwa. Warithi wake waliendelea: Tom Heinsohn, mwenzi wake wa Boston, aliwaongoza wachezaji nyota kugoma kutoka chumba cha kubadilishia nguo kabla ya mchezo wa nyota, usiku mmoja wa Januari 1964, hadi walipoahidiwa pensheni; na Oscar Robertson, mgawa mpira mwingine mkubwa, ambaye Cousy alimhamishia Milwaukee mwaka 1970 alipokuwa kocha wa Cincinnati, aliishtaki ligi mahakamani mwaka huo huo, kesi iliyomalizika mwaka 1976 kwa kuwafungulia wachezaji njia ya kuchagua mwajiri.

Insafu yatudai tueleze pia pale macho ya Cousy yalipokuwa na kasoro. Hoteli moja ilipomkatalia chumba Chuck Cooper, Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa na timu ya ligi hiyo, Cousy alikataa kulala pale bila mwenziwe, akaondoka naye kwa treni ya usiku. Lakini Russell, mweusi pia, alipotukanwa na kudhulumiwa kwa miaka mingi katika Boston ile ile iliyomshangilia Cousy, kiasi cha wahalifu kuingia nyumbani kwake na kuandika matusi kutani, Cousy alimpa mipira uwanjani na hakumpa faraja nje yake. Jambo hilo lilimkaa moyoni hata uzeeni, na alipokaribia umri wa miaka 90 alimwandikia Russell barua ya kukiri kwamba alipaswa kufanya zaidi. Ni nadra mtu mwenye jaha kama yake kufanya hivyo bila ya kushurutishwa na yeyote.

Boston ilimuaga tarehe 17 Machi 1963, katika hafla iliyopangiwa dakika saba na ikachukua takriban ishirini, kwa kuwa aliyeagwa alishindwa kusema kwa kilio na waliomuaga hawakutaka kunyamaza. Mwezi uliofuata, huko Los Angeles, akiwa ameteguka kifundo cha mguu, alirudi uwanjani katika dakika za mwisho za fainali, akaudundisha mpira hadi muda ukaisha, akaurusha juu. Celtics walikuwa wameshinda 112 kwa 109.

Basi enyi walimu na makocha mnaowafundisha vijana mchezo huu, msiwaonyeshe mpira wa nyuma ya mgongo peke yake, kwani huo mtoto hodari hujifunza kwa wiki chache. Wafundisheni kutumia mkono ule ulio dhaifu, wafundisheni kuinua macho na kumtazama mwenzao kabla ya kulitazama kapu, na muwahesabie pasi zao kama mnavyowahesabia pointi. Tena waambieni kwamba aliyeizoea kazi ya kugawa uwanjani ana deni la kuiendeleza nje yake, kwa kuwa ndivyo alivyofanya mkubwa wa kazi hiyo, na pale alipopungukiwa alikiri mwenyewe kwa mkono wake.