PS2 yatimiza miaka 25: mashine ya mtumba iliyotulea Nakivale

Machi 4, 2025, PlayStation 2 ilitimiza miaka 25 tangu iingie madukani Japani. Sony iliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, ikiwa imeuza zaidi ya mashine milioni 155, idadi ambayo hakuna mashine ya gemu iliyoifikia hadi siku hiyo ya kutimiza miaka. Huko kwa wenyewe ni kitu cha kabatini. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, bado inafanya kazi. Pita eneo la Base Camp jioni, sola ikiwa imeshiba, utasikia pedi zinavyobonyezwa ndani ya banda la mabati na mtu akilia kwamba kipa ameuza mechi.

Historia ya kambi yenyewe imeandikwa sana: ilianza 1958 kwa Watutsi waliokimbia Rwanda, wakafuata Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, kilomita zipatazo 60 kutoka Mbarara, wilayani Isingiro. Mashirika yameandika kuhusu mahindi, maji na vyoo. Gemu hazimo katika ripoti yoyote niliyowahi kuona. Basi niandike mimi niliyezicheza, na msomaji anivumilie nikiegemea upande wangu.

Kwetu sisi wa kizazi changu mwanzo ulikuwa Brick Game, kile kidude cha mkononi chenye skrini ya kijivu, kinachoangusha matofali. Wachache tulijua kwamba ni mtoto haramu wa Tetris, mchezo alioubuni Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984. Naamini mpaka leo kwamba hakuna gemu safi kuliko hiyo. Haina lugha, haina bunduki, na Msomali na Mrundi hushindwa kwa namna moja. Nyoka wa simu za Nokia alikuja baadaye. Alitusaidia kusubiri foleni, basi.

Kisha ikaja PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu. Anayeikumbuka anakumbuka pia kuigeuza kichwa chini. Reli ya plastiki iliyobeba jicho la leza ilikuwa ikilika na kupinda kwa joto, mashine ikashindwa kusoma CD ikiwa imekaa sawa, kwa hiyo mwenye banda aliilaza kifudifudi, akaipigapiga mgongoni, na gemu ikawaka. Gemu yenyewe ilikuwa Tekken 3. Hapo sina la kusifu isipokuwa mwendo wake wa haraka, maana iliharibiwa na Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoera. Asiyejua kitu alimchagua Eddy, akafinya vitufe ovyo, akamwangusha aliyejifunza mwezi mzima. Banda lenye heshima lilimpiga marufuku.

PS2 ilibadilisha mambo, lakini si kwa sababu ya picha nzuri kama wanavyodai wenye magazeti ya Ulaya. Huku iliongozwa na saa ya ukutani. Gemu hulipiwa kwa mechi au kwa dakika. God of War ni gemu kubwa, nakubali, ina hadithi na ina hasira, lakini humkalisha mtu mmoja saa nzima huku wengine wakiangalia bure. Mwenye banda haipendi. GTA: San Andreas ya 2004 tuliicheza wote na hakuna kati yetu aliyeimaliza, dakika zilikwisha tukiwa bado tunamtafutia CJ, mhusika wake mkuu, baiskeli. Tulichobaki nacho ni misimbo ya kuita vifaru na kujaza pesa, imeandikwa kwenye karatasi za daftari la hesabu. Mpira ndio uliolipa. Mechi ni dakika kumi, wachezaji wawili, walipaji wawili, mshindi anakaa na mshindwa anatoka. Ladha ya kizazi kizima ilipangwa hivyo, na sisi tukadhani tumechagua wenyewe.

Na katika mpira, FIFA ilikuwa na majina, Winning Eleven ya Konami ilikuwa na mpira. Hapo sirudi nyuma. Konami haikuwa na leseni za klabu nyingi, ndiyo maana katika PES 6, jina la Ulaya la mchezo huohuo, Chelsea iliitwa London FC na Liverpool ikawa Merseyside Red, na bado watu walipigana kuzichukua. Adriano wa Inter alikuwa na nguvu ya shuti 99. Ukimpa mpira mguu wa kushoto kutoka katikati ya uwanja, kipa alibaki kuomba. Mabanda mengine yalimzuia kama Eddy. Katika FIFA ya miaka hiyo wachezaji waliteleza kana kwamba uwanja umemwagiwa sabuni. Anayebisha namheshimu, ila najua alikuwa akicheza nyumbani kwao, si bandani.

Kuna ubishi mmoja, hata hivyo, ambao kwetu sisi wa Kivu, mashariki mwa Kongo, hauhusu mpira hata kidogo, na nimeusikia ukianza katikati ya mechi: kwamba mashine hii ndiyo iliyotufukuza nyumbani. Si porojo ya bandani tu. Ndani ya mashine kama hizi kuna kapasita za tantalamu, na tantalamu hutoka kwenye koltani. Mwaka 2000, mwaka uleule PS2 ilipotoka, bei ya madini hayo ililipuka mara kadhaa katika miezi michache. Wakulima wa Masisi na Walikale waliacha majembe, watoto wakaacha shule, wachimbaji wakaingia hadi ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega na sokwe wakaliwa. Novemba mwaka huo waasi wa RCD-Goma wakaikabidhi biashara yote kampuni moja, SOMIGL. Aprili 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa likayataja majeshi ya Rwanda, Uganda na Burundi katika uporaji wa mali ya Kongo. Mbunge wa zamani wa Uingereza, Oona King, alisema watoto wa Kongo walikuwa wakipelekwa kufia migodini ili watoto wa Ulaya na Marekani waue viumbe wa kubuni sebuleni kwao. Wengine wakaiita vita ya PlayStation.

Nimeufikiria ubishi huu kuliko penalti yoyote niliyokosa. Kalenda haiungi mkono hoja hiyo. Vita vya pili vya Kongo vilianza Agosti 1998, zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla mashine haijauzwa hata moja. Simu za mkononi na kompyuta nazo zilikuwa zikiililia tantalamu wakati huohuo, na bei ilipoporomoka mwaka 2001 bunduki hazikunyamaza. PS2 ilikuwa mlaji mmoja mezani, na meza ilikuwa imeandaliwa na watu wenye vyeo na sare. Ukiibebesha plastiki nyeusi dhambi yote, unawaachia huru wanaojulikana kwa majina. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda Februari 2022 iilipe Kongo dola milioni 325, milioni 60 kati ya hizo zikiwa za maliasili. Haikuitaja gemu popote. Uganda hiyohiyo imetupa viwanja vya kulima, nasi tunashukuru. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Lakini sisemi hatia haipo. Nusu ya waliobonyeza pedi zile walitoka kwenye vilima vilivyochimbwa, wakalipa shilingi kucheza na mashine iliyofika imechoka, kwa mkono wa tatu au wa nne. Hakuna aliyewahi kuwauliza wanaionaje.

Aliyejaribu kulijibu jambo hili kwa gemu hakutoka Nakivale. Ni Lual Mayen wa Sudan Kusini, aliyezaliwa njiani wazazi wake wakikimbia, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda kwa miaka 22. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu hadi ikafika dola 300 za kumnunulia kompyuta, naye akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Ndani yake akaikuta GTA: Vice City. Wengi wetu tungeishia kuiba magari. Yeye alijiuliza gemu ingefundisha nini kama ingetengenezwa na aliyeiona vita, akatengeneza Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayetafuta maji, chakula na dawa. Desemba 2018 alitunukiwa kwenye tuzo za The Game Awards. Kama mchezo, nikisema kweli, bado uko mbali na PES. Kama wazo, umewapita wote waliotengeneza Call of Duty. Ajabu ni kwamba hapa Nakivale vijana wengi hawajawahi kulisikia jina lake.

Yaliyofuata baada ya PS2 hayana mengi. PS3 na PS4 ziliishia kwenye kumbi za Mbarara zenye umeme wa uhakika. Konami iliua jina la PES mwaka 2021 ikaleta eFootball ya bure, yenye sura za kutisha; FIFA nayo ikawa EA Sports FC mwaka 2023. Vijana wamehamia Dream League na Free Fire kwenye simu, na tangu Julai 2021 data ya Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo mchezo wa bure si wa bure.

Kinachokera ni jinsi banda la gemu linavyohesabiwa pamoja na kamari. Sheria ya bahati nasibu na kamari ya 2016 inamkataza aliye chini ya miaka 25 kubeti, na ni sawa. Mtoto anayecheza Winning Eleven habeti. Analipa kama anayelipa sinema. Na wanaolihitaji banda hawaishi kuja: Goma ilianguka Januari 2025, na mgodi wa koltani wa Rubaya uko mikononi mwa waasi wa M23 tangu Aprili 2024, hivyo kituo cha mapokezi cha Kabazana hakikosi watoto wasiojua neno la Kinyankole. Mahali pa kwanza wanapoweza kushinda kitu ni bandani.

Basi wenye mabanda wa Base Camp, Juru na Rubondo, msiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu mashine zenu. Jicho la leza hupatikana kwa mafundi, na memori kadi ya MB 8 bado inatunza ligi nzima. Na viongozi wa Isingiro, kabla hamjafunga banda, ingieni kwanza mcheze mechi moja. Eddy tu ndiye haruhusiwi.