Rufani za mauaji ya mke nchini Tanzania

Rufani za mauaji ya mke (pia: rufaa) ni mashauri ya jinai ambamo mume aliyetiwa hatiani kwa kifo cha mke wake anaomba mahakama ya juu ipitie upya hukumu hiyo, au ambamo upande wa mashtaka unapinga kuachiwa kwake. Tanzania Bara mashauri hayo huanzia Mahakama Kuu na kuishia Mahakama ya Rufani. Katika mengi kati yake hakuna ubishi mkubwa kwamba mume alimpiga mkewe. Ubishi ni kama alipompiga alikuwa na nia ovu, maana jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha kitanzi na kifungo.

Zanzibar ina sheria yake ya adhabu na Mahakama Kuu yake, kwa hiyo maelezo yafuatayo yanahusu Bara.

Kipigo katika ndoa

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au ya mwili, hata kama mila inasema vinginevyo. Kifungu ni kifupi na hakina adhabu yake chenyewe. Anayekivunja hushtakiwa chini ya Kanuni ya Adhabu kwa shambulio, kujeruhi au kusababisha madhara. Ukatili pia unatambuliwa na sheria hiyohiyo kama dalili kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na hivyo kuwa sababu ya talaka.

Baina ya sheria hiyo na maisha ya nyumbani pana umbali. Utafiti wa Taifa wa Idadi ya Watu na Afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 40 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Wengi hawafiki polisi. Kesi huishia kwa wazazi, kwa mshenga, kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwenye baraza la usuluhishi, mume anaomba radhi, mke anarudi nyumbani. Usuluhishi wa namna hii una heshima yake, lakini aghalabu hauachi karatasi. Mke akifa baadaye, mahakama inaletewa siku moja tu ya ndoa iliyodumu miaka mingi.

Makosa mawili

Kanuni ya Adhabu inagawa mauaji katika makosa mawili. Kifungu cha 195 kinahusu kuua bila kukusudia, yaani kusababisha kifo kwa tendo lisilo halali. Kifungu cha 196 kinahusu kuua kwa kukusudia, yaani kusababisha kifo kwa tendo lisilo halali pamoja na nia ovu. Adhabu ya kosa la kwanza inaweza kufika kifungo cha maisha, na jaji ana uhuru wa kutoa pungufu. Adhabu ya kosa la pili ni kifo kwa kunyongwa, na jaji hana uhuru wowote, isipokuwa pale mkosaji alipokuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa, au ni mwanamke mjamzito.

Nia ovu imeelezwa katika kifungu cha 200. Watu wengi hudhani maana yake ni kupanga kuua. Sivyo. Inatosha mshtakiwa awe alikusudia kumletea mtu madhara makubwa, au alijua kuwa tendo lake huenda likaleta kifo au madhara makubwa, hata kama hakujali litokee au lisitokee. Mume anayesema "nilitaka kumfundisha adabu tu" hajajitoa kwenye kosa la kukusudia kwa maneno hayo peke yake, kama fundisho lenyewe lilikuwa mchi kichwani.

Kwa kuwa hakuna anayeweza kuingia moyoni mwa mtu, Mahakama ya Rufani imeweka vigezo vya kuitambua nia hiyo kutokana na yaliyotendeka. Uamuzi unaonukuliwa zaidi ni wa Enock Kipela dhidi ya Jamhuri, Rufani ya Jinai Na. 150 ya 1994, iliyosikilizwa Mbeya. Mahakama ilisema mshambuliaji kwa kawaida hatangazi nia yake, hivyo inafaa kuangalia aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshtakiwa kabla, wakati au baada ya tendo, na mwenendo wake kabla na baada. Vigezo hivi husomwa kwa pamoja. Pigo moja la panga shingoni linaweza kutosha. Kwa upande mwingine, makofi na mateke yaliyopasua bandama iliyokuwa tayari imevimba kwa malaria huleta mjadala mrefu.

Kigezo cha mwisho, mwenendo, hupima mambo kama kukimbia, kuficha mwili, kudanganya majirani kuwa mke amesafiri, au kinyume chake, kumbeba kwenda zahanati na kuomba msaada. Hakuna tendo moja kati ya haya linalomaliza kesi. Mtu anaweza kukimbia kwa kuogopa hasira ya wananchi.

Utetezi wa ugomvi na ghadhabu

Utetezi unaorudiwa mno ni kughadhabishwa. Kwa vifungu vya 201 na 202, mtu aliyeua katika joto la hasira ya ghafla, kutokana na tendo au tusi baya lisilo halali na kabla hasira haijapoa, atatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia tu. Kipimo ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Kumkuta mke na mwanamume mwingine ndio mfano wa zamani. Uvumi wa kilabuni kwamba mke ana mwanamume ni jambo jingine, hasa mume akirudi nyumbani, akala, kisha akachukua silaha.

Njia ya pili ni kusema kulikuwa na ugomvi. Mahakama ya Rufani imeshasema, katika shauri la Moses Mungasiani Laizer la 1994, kwamba kifo kilichotokea katika mapigano au kwa kughadhabishwa humweka mshtakiwa kwenye kosa dogo la kuua bila kukusudia. Hapa ndipo neno "ugomvi" linapohitaji kuangaliwa kwa makini katika kesi za ndoa. Majirani husema "walikuwa wakigombana mara kwa mara" hata pale ambapo mmoja alikuwa akipiga na mwingine akipigwa. Mapigano yana pande mbili, na kipigo kina upande mmoja. Shahidi asiyeulizwa alichokiona hasa anaweza kubadilisha kosa kwa neno moja la adabu.

Ulevi nao hutajwa sana. Kifungu cha 14 hakiufanyi kuwa utetezi kwa kawaida, lakini mahakama inaruhusiwa kuuzingatia inapoamua kama mshtakiwa aliweza kuwa na nia inayotakiwa.

Kifo kinachokuja baadaye

Si kila mke anayeuawa na kipigo hufa siku hiyohiyo. Kifungu cha 203 kinaeleza nani anahesabiwa kuwa amesababisha kifo, na kinagusa ukatili wa ndoa karibu kila mstari. Mume hawezi kujitetea kwamba mke angepona kama angepelekwa hospitali mapema, wala kwamba matibabu hayakuwa mazuri, ikiwa yalitolewa kwa nia njema. Hawezi kusema mke alikuwa mgonjwa na angekufa tu, kwa sababu kuharakisha kifo cha mgonjwa ni kukisababisha. Na mke akikimbia kipigo usiku akatumbukia mtoni au shimoni, kifo hicho kinaweza kuwa cha aliyekuwa akimkimbiza, mradi kukimbia kwake kulikuwa kwa kawaida katika hali ile. Ila kifungu cha 205 kinaweka mpaka: kifo kitokee ndani ya mwaka mmoja na siku moja tangu kisababishwe.

Njia ya shauri kutoka kijijini

Kifo kikitokea katika kata kama Busunzu, wilayani Kibondo, taarifa hupita kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji kabla ya kufika polisi. Mwili huchunguzwa na daktari, mara nyingine hapohapo nyumbani ili maziko yasicheleweshwe, na askari huchora ramani ya eneo la tukio. Mtuhumiwa hufikishwa mbele ya hakimu wa wilaya, lakini haulizwi kama anakiri, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya kuua kwa kukusudia. Hana dhamana. Upelelezi ukikamilika, maelezo ya mashahidi husomwa na shauri huhamishiwa Mahakama Kuu. Kwa miaka mingi mashauri ya Kigoma yalikuwa chini ya Tabora. Siku hizi Mahakama Kuu ina masjala yake Kigoma mjini. Hata hivyo kutoka Kibondo hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 200, na shahidi ni mkulima mwenye shamba la mihogo na maharage linalomsubiri.

Zamani jaji alilazimika kukaa na wazee wa baraza, raia wanaotoa maoni yao kabla ya hukumu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliondoa ulazima huo. Kabla yake, hukumu nyingi zilifutwa katika rufani kwa sababu jaji hakuwaeleza wazee hao ipasavyo maana ya nia ovu au ya kughadhabishwa.

Ushahidi wa ndani ya nyumba

Ugumu wa kesi hizi ni mahali zinapotokea: usiku, ndani, mlango umefungwa. Shahidi wa macho, kama yupo, huwa ni mtoto wa wanandoa hao. Sheria ya Ushahidi inamruhusu mtoto mdogo kutoa ushahidi bila kiapo, na tangu marekebisho ya 2016 anatakiwa kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Ahadi hiyo isipoandikwa kwenye mwenendo wa kesi, mawakili huitumia kama hoja ya rufani.

Maneno ya marehemu kabla ya kufa kuhusu aliyemjeruhi yanapokelewa, ingawa mahakama hupenda yaungwe mkono na ushahidi mwingine. Fomu ya polisi namba 3, maarufu kama PF3, ambayo majeruhi huchukua polisi kabla ya kutibiwa, huwa na thamani kubwa hapa, si kwa jeraha la mwisho tu bali kwa yale ya nyuma pia. Vipigo vya awali havithibitishi kwamba mume ndiye aliyeua. Kanuni ya jumla hairuhusu mtu ahukumiwe kwa tabia yake mbaya. Vinaweza kuingizwa kuonyesha sababu au nia. Lakini vinakata pande zote mbili: upande wa mashtaka huvitumia kuonyesha kwamba mume alijua madhara ya mkono wake, na utetezi huvitumia kusema kwamba alimpiga mara nyingi bila kumuua, hivyo hakukusudia kumuua safari hii.

Pasipo shahidi wa macho hubaki ushahidi wa mazingira, ambao lazima uelekee kwa mshtakiwa peke yake bila kuacha maelezo mengine ya maana. Mtu wa mwisho kuonekana na marehemu, asipotoa maelezo yanayoingia akilini, anaweza kuchukuliwa kuwa ndiye muuaji. Kanuni hii imetumika Tanzania katika shauri la Mathayo Mwalimu na Masai Rengwa, Rufani Na. 147 ya 2008. Nchini Uganda, kifo cha Renu Joshi mjini Kampala, Desemba 1997, kilimfikisha mumewe Sharma Kooky hadi Mahakama ya Juu, ambayo ilithibitisha hatia yake. Alisamehewa na Rais mwaka 2012.

Mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa upande wa mashtaka mwanzo hadi mwisho. Inafaa kukumbuka kwamba kanuni hiyo, inayotajwa katika mahakama zote za Afrika Mashariki, ilipata umbo lake katika rufani ya aina hii hii: Reginald Woolmington, kijana wa Uingereza aliyempiga risasi mkewe Violet aliyekuwa amemkimbia na kurudi kwa mama yake mwaka 1934. Alisema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Mwaka 1935 Bunge la Malodi lilimwachia kwa sababu jaji aliliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba ni juu ya mume kuthibitisha ajali hiyo.

Rufani yenyewe

Notisi ya rufani hutolewa ndani ya siku 30 baada ya hukumu. Majaji watatu wa Mahakama ya Rufani, ambayo ilianzishwa mwaka 1979 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hupitia ushahidi wote upya, kwa kuwa hiyo ni rufani ya kwanza. Hawawaoni mashahidi, wanasoma maandishi. Mahakama hiyo hufanya vikao vyake hata Kigoma.

Matokeo yanaweza kuwa kuitupa rufani, kubadilisha kosa kuwa kuua bila kukusudia na kutoa kifungo, kumwachia huru, au kufuta mwenendo na kuamuru kesi ianze upya. Kesi haianzi upya ili mashtaka yazibe mapengo yake. Hilo lilisemwa katika shauri la Fatehali Manji la 1966 na linafuatwa hadi leo. Kwa ndugu wa marehemu, amri hiyo maana yake ni kurudi kizimbani baada ya miaka, wakati mtoto aliyekuwa shahidi ameshakuwa mtu mzima na huenda analelewa na ndugu wa mshtakiwa.

Adhabu ya kifo

Katika shauri la Mbushuu la 1995, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ikasema Katiba inairuhusu. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo kunakiuka haki ya kuishi. Uganda iliondoa ulazima huo mwaka 2009 kwa shauri la Susan Kigula, mwanamke aliyehukumiwa kwa kifo cha mwenzi wake, na Kenya mwaka 2017 kwa shauri la Muruatetu. Tanzania haijanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990.

Uganda ina Sheria ya Ukatili wa Majumbani tangu 2010, na Kenya tangu 2015, ambazo zinamwezesha mke kupata amri ya kulindwa kabla hajajeruhiwa vibaya. Tanzania Bara haina sheria maalumu ya namna hiyo. Mke anategemea Kanuni ya Adhabu, Sheria ya Ndoa, na madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi.