Je, Lisemwalo Lipo? Kifo cha Hammarskjöld na Kazi ya Kupima Ushahidi

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Methali hii ina hekima yake, lakini katika jambo moja imetupotosha sana, nalo ni vifo vya viongozi. Kiongozi akifa ghafla, kabla hata hajazikwa, tayari liko lisemwalo. Husemwa ndani ya mabasi ya Tunduma, husemwa sokoni hapa Mlowo, na husemwa na watu wazima wenye shahada zao. Likishasemwa na wengi huhesabiwa kuwa lipo, na atakayeuliza ushahidi uko wapi ataambiwa kuwa yeye bado mtoto.

Katika makala haya ningependa ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani sasa, tulitazame jambo hili kama wanafunzi wa historia.

Kwanza tukubaliane kwamba njama za kuua viongozi zimekuwapo kweli. Dk. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Mzee Abeid Amani Karume alipigwa risasi Unguja tarehe 7 Aprili 1972. Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na mwezi uliofuata wakuu wa Katanga wakatangaza kwamba ati alitoroka, akauawa na wanakijiji. Ulikuwa uongo mtupu. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba baadhi ya mawaziri na maofisa wa nchi hiyo walibeba dhima ya kimaadili katika kifo hicho, na mwaka 2022 jino la Lumumba, mabaki pekee yaliyopatikana, lilirudishwa kwa familia yake. Kwa hiyo anayesema kwamba kila shaka ni porojo amekosea sawasawa na yule anayeamini kila porojo.

Sasa tuchukue kesi moja iliyo ngumu zaidi. Imetokea upande wa jirani zetu: reli ya TAZARA ipitayo hapa Mlowo huishia Kapiri Mposhi, na kutoka hapo hadi Ndola si safari ndefu. Karibu na Ndola, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ilianguka ndege iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Tanganyika ilikuwa imebakiza chini ya miezi mitatu kupata uhuru.

Hammarskjöld alikuwa akienda kuonana na Moïse Tshombe, aliyeitenga Katanga na Kongo mwezi Julai 1960. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa vitani na askari wa Katanga na mamluki wao, na Katibu Mkuu alitaka vita visimamishwe. Ndege yake, aina ya DC-6, iliondoka Léopoldville jioni. Rubani aliikwepa anga ya Katanga kwa kuzunguka mashariki hadi Ziwa Tanganyika, kisha akashuka kusini. Yapata saa sita na dakika kumi usiku aliwaambia wa uwanja wa Ndola kwamba anaziona taa. Baada ya hapo hakusikika tena. Ndani walikuwamo watu 16. Mmoja tu, Sajini Harold Julien, alikutwa hai, naye akafa hospitalini siku chache baadaye.

Mabaki yalikuwa kiasi cha kilomita 15 tu kutoka uwanjani, lakini wakuu wa Rhodesia walitangaza kuyapata mnamo saa tisa alasiri. Wachoma mkaa wa msituni walikuwa wameyaona tangu alfajiri. Basi hapo ndipo maneno yalipoanzia, na mtu hawezi kuwalaumu waliouliza. Harry Truman, aliyekuwa Rais wa Marekani zamani, aliwaambia waandishi wa habari siku hizo kwamba Hammarskjöld ameuawa, kisha akakataa kueleza zaidi.

Tume ya Rhodesia ilisema mwaka 1962 kwamba kosa lilikuwa la rubani, aliyeshuka chini mno. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka huohuo, haikufikia uamuzi: ilisema haiwezi kuthibitisha hujuma wala kuikanusha, maana sehemu kubwa ya ndege ilikuwa imeteketea kwa moto. Ile ya Rhodesia ilikuwa na dosari kubwa. Mashahidi Waafrika waliosema waliona ndege ya pili angani, au mwanga kabla ya ndege kuanguka, hawakutiliwa maanani. Sajini Julien naye alitaja mlipuko, lakini maneno yake yalihesabiwa kuwa ya mgonjwa mahututi. Kumtupa shahidi kabla ya kumpima ni kosa hata kama mwishowe utaona kwamba alikosea.

Lakini haki hiyohiyo tunaidai kwa upande wa pili. Hebu tuchambue yasemwayo, moja baada ya jingine.

Yasemwa kwamba walinzi walikutwa na risasi miilini, kwa hiyo walipigwa. Risasi zilikuwamo kweli. Ila risasi iliyopita kwenye mtutu wa bunduki hutoka na michirizi, na wataalamu hawakuiona michirizi hiyo. Ndani ya ndege mlikuwa na risasi za walinzi wenyewe, na zikikaa motoni hulipuka.

Yasemwa kwamba ziko barua za mpango wa siri wa kumwua, zilizotolewa hadharani Afrika Kusini mwaka 1998 na Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyoongozwa na Askofu Mkuu Desmond Tutu. Mimi ni mtumishi wa serikali na kazi yangu ya kila siku ni majalada. Karani yeyote wa masjala atakuambia kwamba nakala isiyo na asili haiidhinishi hata malipo ya posho. Barua hizo zilionekana kwa nakala tu, na uhalali wake haukuthibitishwa.

Yasemwa kwamba rubani mmoja Mbelgiji, Jan van Risseghem, alimwambia rafiki yake kuwa yeye ndiye aliyeitungua. Balozi wa Marekani, Edmund Gullion, alilitaja jina linalofanana na lake katika simu ya maandishi siku ileile ya ajali. Hili ni zito kidogo, kwa kuwa liliandikwa wakati uleule. Hata hivyo linathibitisha kwamba balozi alishuku, halithibitishi kwamba rubani alitenda. Kitabu chake cha safari za ndege hakimwonyeshi akiruka Katanga usiku ule, ingawa usahihi wa kitabu hicho nao umetiliwa shaka. Na yale aliyomwambia rafiki yalitangazwa miaka mingi baada ya yeye mwenyewe kufa, asiweze kujibu.

Upande wa ajali nao una hoja zake. Magurudumu yalikuwa yameteremshwa kama kwa kutua. Vipima-urefu vilipochunguzwa havikuonekana na hitilafu. Ndege ilikata miti kwa mshazari mdogo, kama iliyokuwa ikishuka taratibu. Marubani walikuwa wamechoka na usiku ulikuwa wa giza. Hayo yote yanalingana na ajali, lakini yanaweza kulingana pia na rubani aliyeshtushwa au kubughudhiwa na ndege nyingine.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliunda jopo jipya, na mwenyekiti wake alikuwa Mtanzania, Jaji Mkuu wetu wa wakati ule, Mohamed Chande Othman. Jopo lilichukua kila dai peke yake na kulipa uzito: wa wastani, hafifu, au hakuna kabisa. Dai kwamba Hammarskjöld aliuawa akiwa chini baada ya ndege kuanguka halikupewa uzito wowote. Ushahidi wa wenyeji walioona ndege ya pili ulipewa uzito wa wastani, miaka zaidi ya 50 baada ya kupuuzwa. Mwaka 2017, akiendelea na kazi hiyo peke yake, Jaji Othman aliandika kwamba yawezekana kulikuwa na shambulio au tishio kutoka nje. Hakuandika kwamba limethibitika. Akaongeza kwamba baadhi ya serikali hazijaonyesha kuwa zimefungua majalada yao yote, na katika taarifa zake za baadaye Uingereza, Marekani na Afrika Kusini zimetajwa.

Hapo ndipo penye faida ya somo hili. Dai bovu halimsumbui mwenye siri. Tukipiga kelele kuhusu matundu ya risasi yasiyokuwapo, mwenye jalada atatucheka, na kicheko hicho kitamtosha kuwa jibu. Swali linalomtaabisha ni lile dogo: jalada la tarehe fulani liko wapi?

Turudi nyumbani. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa kugongwa na gari Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma. Wengi husema: alikuwa akipambana na wahujumu uchumi, kwa hiyo waliuawa naye. Lakini kuwa na maadui ni sababu ya kuchunguza, na haitoshi kuhukumia. Husema tena: dereva wa gari lile alikuwa Mwafrika Kusini, alifuata nini pale? Asiyejua kwamba wapigania uhuru wa ANC walipewa makazi Mazimbu na Dakawa ataona ajabu kubwa. Anayejua hataona ajabu yoyote. Jambo hilo halimalizi kesi. Linaondoa jiwe moja tu kwenye kapu la shaka, na ndivyo kapu linavyopimwa.

Ninyi wanafunzi mtakaposikia maneno ya namna hii, ulizeni matatu. Nani aliona au kusikia mwenyewe? Liliandikwa lini, na asili yake iko wapi? Na je, kama haya si kweli, tungetarajia kuona nini? Mkikosa majibu, semeni hatujajua bado, na muendelee kuuliza. Wachoma mkaa wa Ndola walisema walichokiona, wala hawakuongeza. Walistahili wasikilizaji wenye uangalifu kama wao.