Land Rover ya Tate Haikuachwa na Mzungu

Wandugu wa promosio, hapa tumezoea habari za wafalme, mikataba na mipaka. Leo ninawaletea mutuka. Mutuka mmoja tu, tena mbovu, uliolala nyuma ya nyumba yetu Kiwanja tangu nikiwa kadogo. Hauna matairi, hauna injini, kuku wanatagia ndani.

Kwetu kila mtoto alikua na hadithi moja: hii Land Rover iliachwa na Mbelgiji wa plantasio ya kahawa. Ni 1960, uhuru unaingia, mzungu anakimbia, anampa tate funguo kwa sababu tate alikuwa mtu mwaminifu. Tuliisema shuleni, tuliisema kwenye matanga. Mimi niliisema mpaka chuo kikuu, tena kwa majivuno.

Mwaka jana baba mdogo akasema anauza. Wanunuzi wa chuma wanapita na kilo zao, na wale wanaoyeyusha aliminyamu kutengeneza sufuria wanalipa vizuri zaidi. Nikamwomba wiki moja. Mtu aliyesoma historia hawezi kuacha kitu kikatwe kabla hajakiuliza kilitoka wapi. Makaratasi hakuna, yaliungua na nyumba Novemba 2008, katika vita ile ambayo Kiwanja haiwezi kuisahau. Ukabaki mutuka wenyewe.

Nilianza na sumaku. Kampuni ya Rover, ya Solihull kule Uingereza, ilionyesha Land Rover mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Baada ya vita kuu ya pili chuma kiligawiwa kwa kipimo kwao, lakini aliminyamu ilipatikana. Basi shasi wakaifanya ya chuma, mwili wakaufunika kwa aliminyamu. Wabelgiji nao walikuwa na za kwao: kampuni ya Minerva ya Antwerp ilitengeneza Land Rover kwa ruhusa ya Rover kuanzia 1952, hasa kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, na kazi hiyo ilikwisha 1956 hivi. Ila Minerva walitumia mabati ya chuma, na mabawa ya mbele waliyakata kwa mteremko. Nikatoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, nikaibandika mlangoni. Ikaanguka. Nikajaribu bawa la mbele, ambalo halina mteremko. Ikaanguka tena.

Hiyo haikunitisha. Mbelgiji hakukatazwa kununua mutuka wa Waingereza.

Nikaangalia umbo. Land Rover za kwanza ubavu wake ni bapa kama sanduku. Kuanzia 1958, aina ya pili, ubavu umevimba kidogo chini ya madirisha. Yetu imevimba. Halafu fari: kwa miaka mingi zilikaa katikati, karibu na radiatere, mpaka karibu 1969 zilipohamia kwenye mabawa. Za kwetu ziko katikati. Basi ilitengenezwa kati ya 1958 na karibu 1969. Hapo hadithi ya tate ilikuwa bado inapumua.

Kitu cha tatu ni volani, iko upande wa kuume. Leo hiyo haisemi kitu, Goma mituka ya namna hiyo imejaa. Lakini Mbelgiji wa wakati ule, katika nchi inayopita kuume, aagize volani ya kuume kwa nini? Uganda, Kenya na Tanganyika ndiyo walikuwa wanapita kushoto.

Mwisho nikatafuta namba. Plake ya ndani ilikwisha kung'olewa. Nikapiga brosi ya chuma mbele, pale resori inaposhikwa na shasi upande wa kuume, nusu siku nzima, mpaka tarakimu zikatoka. Zilianza na 252, na mwisho kuna herufi. Kwa kiwanda, 252 ni Land Rover ndefu, inchi 109 kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, ya petroli, yenye volani ya kuume, ya kuuzwa nje ya Uingereza. Nikapima kwa mita: 2.77, ndiyo hiyo inchi 109. Na namba zinazoanza na 2 hivyo ni za aina iliyoanza kutoka kiwandani Septemba 1961.

Ni 1961, wandugu. Mbelgiji aliyekimbia 1960 hakuweza kuacha mutuka ambao haujazaliwa.

Nikaenda kwa shangazi, binti mkubwa wa tate. Nilimwambia kwa adabu, nikiogopa nitavunja jina la mzee. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Mwanangu, na wewe umesoma miaka yote ile kwa kujua hiyo? Baba alinunua Uganda, wakati Amin anafukuza Wahindi. Aliuza ng'ombe wawili na kahawa ya misimu miwili. Akaingia nao usiku upande wa Ishasha, bila duane."

Amin alitangaza kuwafukuza Agosti 1972, akawapa siku 90. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu naye akatangaza kwamba plantasio na maduka ya wageni yapewe Wazairwa. Kila mtu akawa anaangalia mali ya mwenzake. Shangazi anasema tate aliogopa swali moja tu: huu mutuka ulilipiwa duane wapi? Akajibu kabla hajaulizwa: aliniachia mzungu, 1960. Jibu likageuka hadithi, na hadithi ikatulea.

Hivi ninavyoona, tate alikwepa duane, sitamsafisha. Lakini sisi miaka hamsini tulijivunia zawadi, na kumbe ilikuwa jasho lake. Ng'ombe wake na kahawa yake tulimpa Mbelgiji asiyekuwako.

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho. Milango na paa vimekwisha kuuzwa, karo ya watoto haingojei historia. Shasi imebaki, na namba yake nimeipaka mafuta isiliwe na kutu.

Na kwenu, ile mashine ya kusaga, cherehani au nyumba ya matofali "aliyoacha mzungu", itafuteni namba au tarehe yake. Na muulizeni shangazi angali hai.