Dawa Zilizobaki Nyumbani: Hoja ya Kuzirudisha Dukani Kitengela na Kajiado

Utangulizi

Nyumba nyingi za Kitengela zina kopo au mfuko wa dawa zilizobaki. Ndani yake mna vidonge vya antibayotiki vilivyoachwa homa ilipopungua, chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto aliyekwisha kupona, tembe za presha ambazo daktari alizibadilisha kabla hazijaisha, na pengine dawa za mzee aliyefariki ambazo hakuna aliyepata moyo wa kuzigusa. Ushauri unaotolewa kuhusu dawa hizi ni makatazo matupu: usizimeze bila kumwona daktari, usimpe jirani, usizimwage chooni, usizichome. Mwananchi akiuliza azipeleke wapi, hajibiwi.

Makala haya yanatetea dai moja. Elimu kwa umma haitoshi bila mahali pa kurudishia dawa, na mahali panapofaa ni duka la dawa lenyewe, chini ya usimamizi wa serikali ya kaunti na kwa gharama ya watengenezaji na waagizaji. Kitengela inafaa kuwa mfano kwa sababu hali tatu zinakutana hapo. Kwanza, mji umekua haraka kuliko huduma zake: sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 154,436 mjini humo, kati ya wakazi 1,117,840 wa Kaunti ya Kajiado. Pili, mji huu wa kando ya barabara ya Namanga umepakana na nchi ya wafugaji, ambako dawa za binadamu na za mifugo hukaa chini ya paa moja. Tatu, viwanda vya simenti vya Athi River viko jirani, na tutaona kwamba ujirani huo una manufaa katika suala hili.

Kwa nini dawa hubaki

Ni rahisi kumlaumu mgonjwa kwamba hakumaliza dozi. Lawama hiyo ina ukweli wake, hasa kwa antibayotiki, lakini haielezi kila kitu. Dawa hubaki pia daktari anapobadilisha tiba, mgonjwa anapodhurika na dawa na kuiacha, mtoto anapoongezeka uzito na kipimo kubadilika, au mhudumu anapouza chupa nzima kwa sababu haiuzwi nusu. Hubaki, tena kwa wingi, pale mgonjwa wa muda mrefu anapofariki. Familia iliyomuuguza mtu wa saratani inaweza kuachiwa chupa ya mofini ya maji, dawa inayodhibitiwa na sheria ya mihadarati ya mwaka 1994, bila kuambiwa ikabidhiwe nani.

Katika maboma ya wafugaji kuna mabaki ya namna nyingine. Mfugaji hununua chupa ya antibayotiki ya oksitetrasaikilini kwenye agroveti, yaani duka la dawa za mifugo, akadunga ng'ombe wawili watatu, kisha akaihifadhi iliyobaki kwa msimu mwingine. Chupa iliyokwisha kutobolewa kwa sindano na kukaa kwenye joto la mabati haina tena hakika ya nguvu wala ya usafi. Dawa za mifugo zina mamlaka yake, zile za binadamu zina Bodi ya Dawa na Sumu. Mabaki ya zote mbili hayana mwenyewe.

Njia zinazotumika sasa na kasoro zake

Njia ya kwanza ni kuziweka. Hatari yake kubwa ni kwa watoto, ambao huvutwa na rangi na utamu wa dawa za maji, na kwa wazee wanaochanganya pakiti mpya na ya zamani. Antibayotiki zilizowekwa huwa kishawishi cha kujitibu. Mtu akikohoa mwezi ujao, humeza vidonge vinne vilivyobaki na kuacha tena. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba watu milioni 1.27 walifariki mwaka 2019 kutokana moja kwa moja na bakteria waliozoea dawa. Kenya ilikuwa imekwisha kutunga sera ya taifa dhidi ya usugu huo mwaka 2017, lakini hakuna sera inayoweza kufanikiwa ikiwa kila nyumba ina akiba ya nusu dozi.

Njia ya pili ni kuzimwaga chooni. Nyumba nyingi za Kitengela hutegemea vyoo vya shimo na matangi ya maji taka yanayonyonywa na malori. Kinachomwagwa humo hakipiti katika mtambo uliokusudiwa kuondoa kemikali za dawa. Kinaweza kuzama ardhini kuelekea visima, ambavyo wakazi wengi huvitegemea, au kuishia mtoni. Mto Kitengela huingia Athi, na Athi hupita Machakos, Makueni na Kitui, ukapokea jina la Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Tafiti za bonde la Mto Nairobi, unaoingia pia katika Athi, zilizochapishwa mwaka 2012 na 2016, zilikuta mabaki ya antibayotiki, dawa za maumivu na dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi majini. Aidha, utafiti wa mwaka 2022 uliopima mito 258 katika nchi 104, Kenya ikiwemo, ulikuta kwamba takriban robo ya sehemu zilizopimwa zilikuwa na angalau dawa moja kwa kiwango kisicho salama kwa viumbe wa majini.

Njia ya tatu ni kuzitupa na taka nyingine. Taka za mtaani hufunuliwa na mbuzi, mbwa na ndege, na hupekuliwa na vijana wanaotafuta plastiki na chuma chakavu. Pakiti nzima ya vidonge yaweza kurudi mikononi mwa watu, na hata sokoni. Tusidhani pia kwamba wanyama hawana la kupoteza. Katika Asia ya Kusini, tai walipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kwa sababu ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, dawa ya maumivu. Chanzo hicho kilithibitishwa mwaka 2004, na India ikapiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006. Mabaki yale hayakutoka majumbani, lakini fundisho linatuhusu sisi tunaoishi kando ya Mbuga ya Nairobi: dawa iliyo salama kwa kiumbe mmoja yaweza kumwangamiza mwingine.

Njia ya nne ni kuzichoma uani. Moto wa takataka hauna joto la kuvunja kemikali nyingi za dawa, na plastiki ya pakiti hutoa moshi wenye sumu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 kuhusu uteketezaji wa dawa ulitaka tanuri la kawaida lifike angalau nyuzi 850 za selsiasi, na lile la joto la juu lipite nyuzi 1,200. Pipa la uani halikaribii viwango hivyo.

Je, zisigawiwe wasio nazo?

Hapa pana pingamizi zito la kimaadili, nalo linastahili jibu la heshima. Katika kaunti ambako mgonjwa wa kisukari anaweza kukosa dawa hospitalini na kuambiwa akanunue, kuteketeza vidonge vizima huonekana ni dhambi. Wanaosema hivyo wana ushahidi wa kisayansi wa kuegemea. Uchambuzi wa akiba za dawa za serikali ya Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba, kati ya aina 122 za dawa, asilimia 88 ya mafungu yaliyopimwa yalifaa kuongezewa muda wa matumizi, kwa wastani wa miezi 66.

Lakini dawa hizo zilikuwa katika pakiti ambazo hazijafunguliwa, katika maghala yenye joto na unyevu uliodhibitiwa, na zilipimwa maabara kabla ya kuongezewa muda. Kopo la juu ya kabati, chini ya bati linalopigwa na jua la Kajiado, halina sifa hata moja kati ya hizo. Anayepewa kidonge kutoka humo hajui kilihifadhiwaje wala kama pakiti ilichanganywa. Mgonjwa wa presha anayemeza dawa isiyo na nguvu huamini ametibiwa, na imani hiyo ndiyo inayomwua.

Kuna historia pia. Ufaransa ilianzisha shirika la Cyclamed mwaka 1993 kukusanya dawa zisizotumika kupitia maduka ya dawa, na kwa miaka mingi sehemu ya dawa hizo ilipelekwa kwa misaada katika nchi maskini. Sheria ya mwaka 2007 ilikomesha utaratibu huo, nao ukafikia mwisho wake mwishoni mwa 2008. Shirika la Afya Duniani nalo lilikwisha kutamka, katika mwongozo wake wa misaada ya dawa wa mwaka 1996, kwamba dawa iliyowahi kutolewa kwa mgonjwa na kurudishwa isitolewe msaada. Tulipokuwa wapokeaji tulidai haki ya kutopewa mabaki ya Ulaya. Haki hiyo hiyo anastahili mama wa Isinya au Mashuuru tunayetaka kumpa mabaki ya Kitengela. Uhaba wa dawa hospitalini ni deni la serikali, na deni hilo halilipwi kwa mabaki ya wagonjwa.

Sheria ipo

Hatuhitaji kusubiri sheria mpya. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Mkataba wa Basel kuhusu taka hatari, ambao Kenya ni mwanachama wake, unaweka dawa zisizotumika katika orodha ya taka zinazodhibitiwa, kundi Y3. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtwika mzalishaji wajibu wa kupunguza uchafuzi unaotokana na bidhaa anazoziingiza katika soko la Kenya.

Lenye uzito zaidi kwa hoja yetu ni Jedwali la Nne la Katiba. Katika kifungu kimoja cha huduma za afya za kaunti, linataja vituo vya afya na maduka ya dawa, huduma za mifugo, na uzoaji na utupaji wa taka. Mambo haya matatu, ambayo maofisa wetu huyaona kuwa ya idara tofauti, Katiba imeyakabidhi kwa mkono mmoja. Serikali ya Kajiado haiwezi kusema kwamba dawa iliyobaki ni ya Bodi ya Dawa na Sumu ikiwa dukani, na ni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikiwa jaani. Safari yote kati ya duka, boma na jaa ni yake.

Pendekezo

Mpango unaopendekezwa ni mwepesi. Kila duka la dawa na kila agroveti yenye leseni iwe na sanduku lenye kufuli na tundu la kuingizia tu. Mabaki yakusanywe kwa ratiba hadi Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kitengela na Hospitali ya Rufaa ya Kajiado, yapimwe uzito mbele ya mashahidi wawili na kuandikwa. Mofini na dawa nyingine zinazodhibitiwa zisipite sandukuni; familia izikabidhi kwa mfamasia wa hospitali kwa sahihi. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua upya nchini mwaka 2023 wakiwa zaidi ya 100,000, waulize kuhusu kopo la dawa wanapotembelea nyumba, hasa nyumba yenye msiba.

Kwa uteketezaji, mwongozo ule wa 1999 unataja tanuri za simenti kuwa mojawapo ya njia bora, kwa kuwa malighafi yake hufika nyuzi 1,450 na gesi hufika nyuzi 2,000. Unashauri dawa zisizidi asilimia 5 ya kuni au mafuta yanayoingizwa kwa wakati mmoja. Kaunti inaweza kufanya mapatano na kiwanda chenye tanuri, kwa kibali na usimamizi wa NEMA, badala ya kujenga mtambo mpya.

Wapo watakaosema kwamba sehemu kubwa ya dawa iliyo mitoni hupitia katika mwili wa binadamu, hivyo masanduku hayataisafisha Athi. Ni kweli, na mto utahitaji mitambo ya maji taka. Ila sanduku huondoa hatari ndani ya nyumba, ambako mtambo haufiki, na rekodi zake huonyesha dawa gani zinatolewa kupita kiasi. Kuhusu gharama, maduka ya dawa ya Ufaransa yanawajibika kisheria kupokea mabaki bila malipo, na kampuni za dawa hugharimia mfumo. Faida ikiwa ya kampuni, gharama ya mwisho isiwe ya kijiji.

Hitimisho

Hadi masanduku yawepo, mwenye nyumba afanye yafuatayo. Dawa za kifua kikuu, za Ukimwi na za saratani azirudishe katika kliniki iliyozitoa, bila kuzisaga. Sindano aziweke katika chombo kigumu na kuzipeleka kituo cha afya. Dawa nyingine amuulize kwanza mfamasia kama atazipokea. Akikataliwa, azitoe katika pakiti, azichanganye na udongo au majani ya chai yaliyotumika, azifunge ndani ya chombo, na afute jina la mgonjwa kabla ya kutupa. Hatua hizi ni za dharura tu.

Suluhisho la kudumu liko mikononi mwa Serikali ya Kaunti ya Kajiado. Katiba imeipa mamlaka, sheria ya 2022 imeionyesha wa kumtoza, na tanuri ziko jirani. Bunge la Kaunti lipitishe kanuni, na leseni ya biashara ya duka la dawa au agroveti isitolewe wala kuhuishwa bila sanduku la kurudishia.