Glasi Tatu za Nini?

Katika karamu za mjini utamwona mtu mzima na heshima zake akizikodolea macho glasi tatu zilizopangwa mbele yake, asijue aanze na ipi. Humchungulia jirani kwanza. Nimeyaona hayo mara nyingi katika kazi yangu hii, na leo nauliza: desturi hii ilitoka wapi?

Si ya kale kama tunavyodhani. Vioo vizuri vilikuwapo zamani. Mwingereza George Ravenscroft alipata hataza ya kutengeneza kioo king'aacho mwaka 1674. Lakini hata karne ya 18, kwenye meza za wakubwa wa Ulaya, aghalabu glasi hazikukaa mezani. Mgeni alimwashiria mtumishi, akaletewa glasi ya divai, akanywa, akairudisha.

Mambo yaligeuka karne ya 19. Ulaya Magharibi iliiga mtindo wa Kirusi wa kuleta vyakula kimoja baada ya kingine. Kila chakula kikapewa divai yake, na kila divai glasi yake. Viwanda navyo vilishusha bei ya vioo, watu wa tabaka la kati wakapata cha kuonyesha kwamba nao wamo. Glasi ikawa kipimo cha mtu.

Mwaka 1973 Claus Josef Riedel, mtengenezaji wa vioo wa Austria, alitoa glasi za maumbo mbalimbali, kila umbo na divai yake. Baadaye wauzaji wakaeleza kwamba umbo huipeleka divai mahali maalumu ulimini: utamu nchani, uchachu pembeni. Kumbe ramani hiyo ya ulimi ilitokana na utafiti wa Kijerumani wa mwaka 1901 uliofasiriwa vibaya.

Je, umbo ni bure basi? La hasha. Tumbo pana na mdomo uliobanwa kidogo hukusanya harufu, na harufu ndiyo sehemu kubwa ya ladha. Ndiyo maana divai nyekundu hupewa glasi pana. Nyeupe, inywewayo baridi, hutoshwa na ndogo zaidi, na shina huizuia isipate joto la mkono. Glasi nyembamba ndefu hutunza mapovu ya shampeni.

Hata hivyo, mwaka 1977 Shirika la Kimataifa la Viwango lilipoweka kipimo cha glasi ya waonjaji, liliweka moja tu, ya mililita zipatazo 215. Wale ambao kazi yao ni kupambanua divai walipewa glasi moja!

Kwa hiyo, mwenye chupa yake ya Dodoma nyumbani asione haya kwa kukosa seti. Glasi moja safi, yenye tumbo na mdomo uliobanwa, isiyojazwa kupita theluthi, inamtosha. Na anayemcheka mgeni kwa kushika glasi isiyo yake haitetei divai. Anatetea ngazi aliyoipanda juzi. Mgeni hukaribishwa, hatahiniwi.