Kibao Kilichotamba Bila Chati: Nyimbo za Mzaha na Densi Ngara na Biharamulo

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Lucas Mkenda, maarufu kwa jina la Mr Nice, alitikisa Afrika Mashariki kwa nyimbo ambazo wapenzi wengi wa hip hop waliziona za kitoto. "Kidali Po" ilibeba jina la mchezo wa watoto. "Fagilia" na "Kikulacho" zilichekesha na kuchezeka kwa wakati mmoja, na mtindo wenyewe aliuita Takeu, kifupi kinachounganisha Tanzania, Kenya na Uganda. Mtafiti anayetaka kujua leo "Kidali Po" ilishika nafasi ya ngapi nchini, na kwa wiki ngapi, hana daftari la kufungua. Tanzania haikuwa na chati rasmi ya taifa iliyohesabu mauzo ya kanda wakati huo.

Pengo hilo kwa kawaida huhesabiwa kuwa upungufu wa kumbukumbu: wimbo ulivuma, ila hakuna aliyeandika. Makala haya yanadai jambo zito zaidi. Chati si kioo cha umaarufu. Ni zao la mtandao fulani wa maduka, redio na kampuni, na pale mtandao huo unapokatika, umaarufu huendelea kwa njia zake. Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, zinaonyesha hili waziwazi kwa sababu mbili: zimekuwa pembezoni mwa biashara ya muziki, na papo hapo zimekuwa njia panda ya watu.

Historia ya chati zenyewe inaunga mkono dai hilo. Orodha ya kwanza ya mauzo ya sahani nchini Uingereza, iliyochapishwa na gazeti la New Musical Express mwezi Novemba 1952, ilipatikana kwa kupigia simu maduka yapatayo 20. Duka lisilopigiwa simu halikuwemo. Hot 100 ya Billboard, iliyoanza Marekani mwezi Agosti 1958, ilichanganya mauzo na uchezwaji redioni. Kisha ukaja wimbo wa mzaha na densi kuzitia aibu hesabu hizo. Mwaka 2012 "Gangnam Style" ya PSY wa Korea Kusini ilikwama nafasi ya 2 kwenye Hot 100 kwa wiki 7, ilhali video yake ilikuwa inaelekea kuwa ya kwanza kutazamwa mara bilioni 1 kwenye YouTube. Februari 2013 Billboard ikaanza kuhesabu YouTube, na papo hapo "Harlem Shake" ya Baauer, kichekesho kingine cha kucheza, ikaingia moja kwa moja nafasi ya 1. Ladha ya Wamarekani haikuwa imebadilika ndani ya wiki moja. Kilichobadilika ni kanuni ya kuhesabu.

Ikiwa kanuni inaweza kuamua mshindi New York, penye maduka, mikataba na takwimu, basi uzito wake ni mkubwa zaidi Nyakanazi. Mji huu mdogo wa Biharamulo ndipo zinapoachana barabara za Kahama, Kigoma na Rusumo. Malori yanayokwenda Rwanda na Burundi hupita hapa, na madereva hushuka na nyimbo zao. Mbele zaidi, Ngara inapakana na nchi hizo mbili. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takribani saa 24 wakikimbia vita nchini Rwanda, na kambi ya Benaco ikageuka mji mkubwa kuliko mji wowote wa Kagera. Kambi ya Lukole, iliyowapokea Warundi, ilidumu hadi 2008.

Katika mchanganyiko huo wa Kihangaza, Kishubi, Kisubi, Kisukuma, Kirundi na Kinyarwanda, wimbo unaotegemea mashairi mazito huanza na mzigo mgongoni. Wimbo wa mzaha na densi husafiri mwepesi. Kiitikio chake ni kifupi, ishara za mikono zinajieleza, na asiyeelewa maneno anaweza kuiga mwendo kisha akacheka pamoja na wenzake. Wala hoja hii si ya Kiswahili peke yake. Mwaka 2001 Saida Karoli, mzaliwa wa Bukoba Vijijini katika mkoa huohuo, alivuma nchi nzima kwa "Maria Salome" aliyoiimba Kihaya, lugha ambayo sehemu kubwa ya waliocheza hawakuifahamu. Miaka 15 baadaye Diamond Platnumz na Rayvanny waliifufua kwa jina la "Salome", na ikawa miongoni mwa video zilizotazamwa sana Tanzania mwaka 2016.

Redio nayo ilifanya kazi yake. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi, ikatangaza kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda. Lengo lake lilikuwa habari na upatanisho, lakini redio yoyote inayosikika kambini na kijijini huunda hadhira moja ya muziki. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo ilitegemea jenereta za dizeli, nje ya gridi ya Taifa, na vijijini redio iliendeshwa kwa betri kavu. Redio moja ilisikilizwa na ua mzima. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 320,056 Ngara na 323,486 Biharamulo, lakini hakuna sensa iliyouliza kaseti moja ilisikilizwa na wangapi, wala ngapi zilikuwa za kunakiliwa.

Kutegemea redio peke yake, hata hivyo, kungetupa picha yenye kasoro nyingine. Remmy Ongala, mzaliwa wa mashariki mwa Kongo aliyeifanya Dar es Salaam kuwa nyumbani, alitoa "Mambo kwa Soksi" karibu na 1990, wimbo wa kucheza uliohimiza kondomu kwa utani. Redio Tanzania, wakati huo redio pekee Bara, iligoma kuucheza. Chati ya redio ingeuandikia sifuri wimbo ambao watu waliujua kwa kumbi na kaseti. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond kwa sababu ya utani wake wa tafsiri mbili kuhusu jina la eneo la Nyegezi. Wasanii hao walipouimba jukwaani Mwanza mwezi Desemba, wakazuiwa kufanya maonyesho kwa muda. Linganisha na Uingereza mwaka 1984: BBC iliufungia "Relax" wa Frankie Goes to Hollywood, na bado ukakaa nafasi ya 1 kwa wiki 5, kwa kuwa kilichohesabiwa kule ni mauzo ya dukani. Mzaha wa Kiswahili unaovuka mpaka wa adabu hauna kaunta ya pili ya kuutetea.

Je, maana yake ni kwamba eneo hili halikuwa na kipimo? Hapa ndipo wataalamu wengi hukosea njia. Wasukuma, ambao ni sehemu kubwa ya wakazi wa Biharamulo, wana utamaduni wa mashindano ya ngoma kati ya vyama viwili vya Bagika na Bagalu, unaoendelea hadi leo katika sherehe za Bulabo huko Bujora, Kisesa. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Watazamaji wako huru kuhama. Anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi, na ili kuuvuta hutumia kila mbinu: vinyago, nyoka, mizaha, mavazi ya ajabu, hata dawa za mvuto. Hiki ni kipimo cha umaarufu chenye kanuni, hakimu na matokeo yanayoonekana kwa macho. Kinapima kitu ambacho Billboard haikipimi: nani aliacha alichokuwa anakitazama akaja kwako. Nacho hukipa kichekesho nafasi yake halali, kwa sababu mzaha ni mbinu ya ushindi, si dosari ya kisanaa.

Kuna pingamizi lenye nguvu. Mtu atasema simu janja zimemaliza tatizo: Diamond alifikisha utazamwaji wa mara bilioni 1 YouTube mwaka 2020, na "Komasava" ya 2024, yenye salamu za lugha mbalimbali na hatua za kuchekesha, ilimfanya Chris Brown aicheze mtandaoni kabla ya Jason Derulo kuingia kwenye rimiksi. Kila mguso unahesabiwa. Ni kweli, kwa mwenye bando. Lakini mtu mmoja akipakua wimbo na kuugawa kwa bluetooth, fundi simu akauingiza kwenye memori kadi za wateja, DJ wa harusi akaurudia mpaka usiku, seva hurekodi upakuaji mmoja. Kadiri wimbo unavyofaa kuchezwa na kundi, ndivyo hesabu ya mtu mmoja mmoja inavyoupunja. Wimbo wa huzuni husikilizwa na mtu peke yake kwenye earphone na kuhesabiwa. "Komasava" ya harusini huchezwa na watu 300 na kuhesabiwa mara moja, au isihesabiwe kabisa.

Suala hili linagusa mifuko. Januari 2022 Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) iligawa mirabaha ya shilingi milioni 312 kwa kufuata nyimbo zilivyochezwa kwenye vyombo vya utangazaji. Ilikuwa hatua kubwa, ila mgao wa aina hiyo hufuata spika za studio na kuziacha za ukumbini. Mtafiti wa muziki anayeitumia YouTube au orodha ya redio kama ushahidi wa "kilichopendwa" anarudia upendeleo huohuo kwa lugha ya takwimu. Njia mbadala ipo na haihitaji fedha nyingi: orodha za nyimbo za MaDJ na MaMC wa harusi, mafaili yanayoingizwa na mafundi simu wa Nyakanazi, Lusahunga na Rusumo, nyimbo zinazoombwa kwenye vipindi vya salamu, na michezo ya watoto shuleni inayoazima viitikio. Takwimu za aina hii zikikusanywa kwa misimu kadhaa, wagawaji wa mirabaha wangeweza kuzitumia kurekebisha mgao wa maonyesho ya hadhara, na wanahistoria wangeweza hatimaye kuijadili "Kidali Po" kwa ushahidi badala ya kumbukumbu.